Mbuzi Waliotajwa Mara Mbili

Sijamsamehe. Naanza na hilo mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mwema anayemkumbuka bosi wake wa zamani kwa machozi. Machozi yapo, lakini ni ya hasira, na nitaandika mambo yalivyokuwa.

Mji wetu mzima wa Lodwar ulimwita Daktari. Hakuwa wa hospitali. Udaktari wake ulikuwa wa takwimu, aliusomea ng'ambo, na kazi yake ilikuwa kupima mambo ya leo ili aseme ya miezi ijayo: njaa itafika lini, itaanza kwa nani, mto utafurika au utatulia. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi si shughuli yangu hapa. Alikuwa mtu wa kwetu, Mturkana aliyechunga mifugo kabla ya kushika kitabu. Mnaweza kusahau mengine yote nitakayoyasema lakini hilo msilisahau, kwa sababu hasira yangu imekaa hapo. Angekuwa mgeni ningesema hakujua.

Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa miaka kadhaa, kabla sijarudi kufundisha hesabu katika shule moja ya sekondari hapa hapa Lodwar. Nilizunguka naye kata zote, nikalala vumbini, nikala alichokula, nikamsikia akikoroma. Kwa hiyo ninaposema namjua, namjua.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake la mikono mifupi lilikuwa limepigwa pasi hata asubuhi ambazo sisi wengine tulikuwa tumefanana na barabara. Ofisini kwake kulikuwa na viti vizuri vya kuzunguka, lakini yeye alikalia ekicholong, kile kigoda chetu kidogo cha mti ambacho wanaume hutembea nacho na usiku wakakilalia kichwa. Wageni wa Nairobi walipenda sana kumpiga picha akiwa amekikalia, kompyuta mapajani. Nadhani alilijua hilo. Alikuwa na majivuno ya namna hiyo, ya kujifanya hana majivuno, na wakati ule nilimcheka tu.

Kwa kosa dogo aliwaka. Kijana mmoja aliyekuwa ametoka chuo aliandika kwamba mtoto fulani ana umri wa kama miaka mitatu. Daktari alimsimamisha mbele yetu sote.

"Huyu Kama ni nani?" alimuuliza. "Ni baba yake?"

"Mama yake hakumbuki, Daktari."

"Hakumbuki tarehe. Umemuuliza mvua? Umemuuliza kama mtoto alizaliwa kabla ya lami kufika au baada? Rudi."

Nyumba yenyewe ilikuwa nje ya Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Alimrudisha hadi Lokichoggio kwa ajili ya mtoto mmoja, na mafuta ya gari yakaenda, na kijana akaenda na uso umemvimba. Sisi tulinung'unika lakini moyoni tulimpenda kwa hilo. Tulisema huyu mzee hawezi kuruhusu hata mtoto mmoja aandikwe vibaya.

Jina lile la Daktari lilimletea taabu. Siku moja kule Kaaleng, kijiji cha kaskazini, mama mmoja alimfuata na mtoto anayeharisha, akamwekea mapajani bila hata salamu. Daktari akasema, "Mama, mimi ni daktari wa karatasi." Mama akamjibu, "Sawa. Basi andika hiyo karatasi, mtoto apone." Tulicheka mpaka dereva akalazimika kuketi. Yeye hakucheka. Aliahirisha kazi ya siku nzima, akawapeleka yule mama na mtoto wake zahanati, akawangoja, akawarudisha nyumbani. Jioni alitugombeza kwa kupoteza muda, utadhani sisi ndio tuliokuwa tunaharisha. Kuanzia hapo alitembea na paketi za chumvi ya kutibu kuharisha kwenye begi la kompyuta.

Mambo yake mwenyewe hakuweza kuyatabiri hata kidogo. Alisema atafika saa nne, alifika saa nane. Mtu aliyeweza kukueleza bei ya mahindi itakavyokuwa baada ya miezi mitatu aliishiwa na mafuta kwenye barabara ya Kakuma zaidi ya mara moja, na kila mara alishangaa kweli kweli. Wanaume wa sokoni walimtaka awatabirie mpira. Walimtaka awatabirie nani atashinda ugavana. Alikataa yote mawili kwa ukali. Alisema yeye hupima, habashiri, na anayetaka kubashiriwa aende kwa wazee wa kazi hiyo, ambao angalau huchinja mbuzi wasome matumbo yake, na mtu akala nyama.

Ijumaa mchana ofisi yake ilijaa watu ambao nje ya mlango ule hawakuwa na sababu ya kukaa pamoja. Alikuja bwana wa maji, ambaye alikuwa amepaka mistari kwenye nguzo ya daraja la mto Turkwel ili asome kina kila asubuhi. Alikuja muuguzi na utepe wake wa kuzungushia mkono wa mtoto, ule wenye kijani, njano na nyekundu. Alikuja mtu wa hali ya hewa na habari za vipima mvua vyake. Na alikuja dada mmoja wa soko la mifugo, ambaye kazi yake ilikuwa kujua mbuzi mmoja ananunua mahindi kiasi gani wiki hii, na wiki iliyopita alinunua kiasi gani. Kila mmoja wao aliamini kwamba chombo chake kinaona mbele kuliko vya wenzake. Muuguzi alisema mkono wa mtoto haudanganyi. Dada wa soko alimwambia mkono wa mtoto unakonda mwisho, bei inakonda kwanza. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Kazi ya Daktari ilikuwa kuzichukua habari zote hizo na kuzifunga pamoja kwenye kompyuta, katika kitu alichokiita modeli. Alitufafanulia kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa jambo lingine lolote. Unachukua miaka iliyopita, alisema, unaangalia mvua ilipokosa nini kilifuata, na baada ya muda gani, na kwa watu wenye mifugo mingi ilikuwaje na kwa wenye michache ilikuwaje. Halafu unaiuliza hali ya leo inafanana na ipi. Jibu linatoka katika vitu ulivyovipima tu. Usichokipima hakimo, na modeli haitakuambia kwamba hakimo. Kwa hiyo kila tulipomletea takwimu mpya swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Nani hayupo humu?"

Nilimwona akipatia, na lazima niseme hivyo hata kama inaniudhi. Mwaka mmoja anga ya Lodwar ilikuwa safi kabisa, watu wanaanika nguo, na yeye akampigia chifu simu kwamba watu wa kingo za mto wahame kabla ya giza kuingia. Vipima mvua vya milimani, mbali sana na sisi, vilikuwa vimejaa, na mistari ya bwana wa maji ilikuwa imeanza kumezwa. Watu walimcheka. Chifu naye alicheka, lakini alipita na kipaza sauti. Maji yalikuja kesho yake, ya rangi ya udongo, yakachukua vibanda na miti mizima. Watu walikuwa wamehama. Nilitembea mjini siku ile nikijivuna kama vile mimi ndiye niliyeyaona maji.

Sasa nifike kwa mbuzi.

Kwetu mtu haulizwi ana mbuzi wangapi. Ni utovu wa adabu, na wengine watakuambia ni kuwaitia mbuzi wenyewe kifo. Watafiti wa nje walikuwa wakiuliza hivyo hivyo, miaka nenda miaka rudi, na wakajibiwa chochote. Lakini modeli ya njaa bila mifugo ni bure, kwa kuwa mwenye mbuzi wengi ana cha kuuza mvua ikikosa na asiye nao hana. Daktari alipata njia, na njia yenyewe ilikuwa nzuri, sitaki kumnyang'anya hilo. Alikaa na mzee, akauliza habari za malisho, za visima, za watoto. Kisha akauliza, "Na wale wa nyumbani? Yule mwekundu wa masikio meupe bado yupo?" Hapo mzee aling'aa. Mchungaji wa kwetu humjua kila mbuzi kwa rangi yake na pembe zake na mama yake, na ukimpa nafasi atawataja wote kwa raha, mmoja baada ya mwingine, huku Daktari akihamisha vijiwe kutoka mfuko mmoja wa suruali kwenda wa pili. Tukifika garini tunahesabu vijiwe. Hakuna aliyeulizwa idadi, na idadi tumepata. Watu walikuja kutoka vyuo vya mbali kujifunza vile vijiwe.

Kaaleng ilitoka na mbuzi wengi kuliko tulivyotarajia. Alifurahi. Sote tulifurahi.

Baada ya kazi hiyo kwisha tulikuwa soko la mifugo la hapa Lodwar, mimi na yeye, na wazee wawili wa upande wa Kaaleng walikuwa wamesimama na beberu mmoja wa madoa wakitaniana. Daktari alimtambua yule beberu kwa maelezo. Alikuwa ametajiwa.

"Huyu si ndiye ulinieleza?" alimuuliza mzee wa kwanza.

"Ndiye. Wangu huyu."

"Wangu pia," mzee wa pili alisema. "Mimi nalisha yeye tangu alikuwa mdogo. Hata mimi nilitaja yeye kwako, umesahau?"

Wakacheka wote wawili. Daktari alianza kucheka nao, kisha kicheko kikamkauka.

Kila mtu wa kwetu anaelewa kilichokuwa kimetokea. Hakuna mfugaji anayeweka mifugo yake yote mahali pamoja. Unampa rafiki yako wa kufa na kuzikana baadhi ya mbuzi wako akakae nao mbali, naye anakupa wa kwake, ili ukame ukipiga huku, huko wabaki. Mbuzi wa namna hiyo ana wenyewe wawili, aliyemtoa na anayemlisha. Ukimuuliza huyu atamtaja kwa mapenzi yote. Ukimuuliza yule naye atamtaja. Hakuna anayesema uongo. Na Daktari, nataka msomaji akae na hili kidogo, Daktari mwenyewe alikuwa na mbuzi wake kwa rafiki yake huko huko kaskazini. Alikuwa akimtumia dawa za minyoo. Alilijua jambo hili kama anavyojua jina la mama yake, na aliposhika vijiwe akalisahau.

Garini aliniambia, "Tumewahesabu mara mbili."

"Wote?"

"Si wote. Sijui ni wangapi, na hilo ndilo baya. Tunarudi kuanza upya."

Siku ile nilimpenda kuliko siku zote. Hakutafuta wa kumlaumu. Alikuwa mchangamfu, anaongea haraka, kama mtu aliyeuona ufunguo wake uliopotea. Alisema tutaongeza swali moja tu, mbuzi huyu analala wapi, na yote yatanyooka. Kesho yake alikuwa na mkutano na wafadhili katika hoteli moja ya mjini, nikamsindikiza hadi mlangoni. Ripoti ilikuwa tayari imechapishwa. Ilikuwa mezani, kava lake linang'aa, na picha iliyokuwa juu yake ni yeye na kigoda chake.

Alitoka mchana. Nilimuuliza aliwaambia nini.

"Tutarekebisha msimu ujao."

"Uliwaambia kwamba namba si ya kweli?"

"Niliwaambia kuna haja ya kuboresha njia."

"Kuboresha? Daktari, wale mbuzi hawapo."

"Usinipigie kelele barabarani," alisema, akaingia garini.

Yule yule aliyemrudisha kijana wa watu hadi Lokichoggio kwa ajili ya umri wa mtoto mmoja. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi. Hakuna aliyemtisha. Hakuna aliyemwambia atapoteza kazi. Kulikuwa na kava zuri na watu wanaompigia makofi, na yeye akaumeza ukweli.

Mvua ilikosa. Ikakosa tena. Modeli iliulizwa ni wapi chakula na maji vipelekwe kwanza, kwa sababu malori hayakutosha pote, ikatoa ramani yake ya rangi. Nyekundu ndio wa kwanza, njano wangoje kidogo, kijani wanaweza kujitegemea. Kaaleng ilitoka kijani. Mahali ambapo hata migunga ilikuwa imeacha kutoa kivuli palipakwa kijani, kwa sababu pale palikuwa na mbuzi wengi wa kuuza, mbuzi waliokuwa vijiwe mfukoni mwa mtu.

Dada yangu mkubwa ameolewa Kaaleng. Ili apate mtandao ilimbidi apande kilima, na alinipigia akihema.

"Malori yanapita," aliniambia.

"Yanaenda wapi?"

"Hatujui. Yanapita tu. Tunasimama barabarani, dereva anatupungia mkono."

Nilikwenda kwa Daktari, nikamwambia maneno hayo kama nilivyoyasikia. Alisema ameshawaandikia wahusika, ngazi kwa ngazi, wanalishughulikia. Sijui kama aliandika. Mbuzi wa dada walikufa, wake na wale aliokuwa akiwalea. Halafu akafa mtoto wake wa mwisho, msichana, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Utepe wa muuguzi ulipofika kwenye ule mkono ulisoma nyekundu, lakini ulifika kwa kuchelewa, kwa sababu hata wauguzi walipelekwa kwa kufuata ramani.

Daktari alikuja kumpa dada yangu pole. Aliendesha gari mwenyewe, peke yake. Alikaa chini mchangani, bila kigoda, kutwa nzima, akanywa maji aliyopewa, na hakusema kitu. Dada alimshukuru. Alimwambia, "Mungu akuone, Daktari, wewe umekumbuka sisi." Naye akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimesimama pale. Nilingoja aseme. Alikuwa na kutwa nzima ya kusema. Jua lilipopungua aliinuka, akajipangusa mchanga, akaondoka, na mimi wiki hiyo hiyo niliacha kazi.

Baadaye nilisikia ametoka Lodwar, yuko Kakuma, anafundisha takwimu vijana wa kambini na kusaidia mashirika ya huko kukadiria familia zipi za wakimbizi zinahitaji chakula zaidi. Nikasema haya, amepata wengine wa kuwapima.

Ningemwacha huko. Lakini mwaka huu, mvua ikiwa imekosa tena, nilipeleka wanafunzi wangu ofisi ya kaunti kuona jinsi takwimu zinavyotumika. Ukutani kulikuwa na ramani. Kaaleng ilikuwa kijani. Nilimuuliza ofisa wa pale, kijana mwenye adabu, mbuzi wa Kaaleng wametolewa wapi. Aliniambia ndio wa msingi, wa hesabu ya Daktari ya tangu zamani, kila msimu wanaongeza na kupunguza kidogo kutoka hapo.

"Wale mbuzi hawakuwepo," nilimwambia.

"Madam, mimi siwezi kugusa data ya mzee. Ni modeli yake. Yeye mwenyewe akisema, tunaitoa hata leo."

Kesho yake nilipanda basi la Kakuma.

Nilimpata kambini, karibu na chumba cha mabati anakofundishia. Mama mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, anauza chai na mandazi mbele ya nyumba yake, na alinivutia kiti.

"Karibu mama, ikala apa. Papa Dokta angali anafundisha batoto, ataisha sasa ivi. Unakunywa chayi?"

Daktari alitoka akiwa amezeeka. Shati lilikuwa na pasi kama zamani, lakini shingo ilikuwa imekuwa nyembamba ndani ya kola. Alisimama aliponiona.

"Ejok," alinisalimu.

"Ejok-noi."

Alitaka kuuliza habari za shule. Sikumpa nafasi. Nilimwambia Kaaleng bado ni kijani, nikamwambia kijana wa kaunti amesema nini, nikamwambia ana simu mfukoni na mtandao upo.

Aliketi kwenye benchi.

"Unafikiri sijui?" alisema. "Kila msimu naiangalia ile ramani. Lakini wewe unaona Kaaleng peke yake. Malori yale yale yanayoleta chakula Kakuma ndiyo yanayokwenda kwenu. Nikishusha mbuzi wa Kaaleng, rangi inabadilika, na kitakachokwenda kule kitatolewa hapa. Kwa huyu." Alimwonyesha mama wa chai kwa kidevu. "Wameshapunguziwa mgawo wa chakula. Nimeona watoto wake wakilala bila kula. Unataka niwanyang'anye kwa mkono wangu?"

Nilisimama. Yule mama wa Bukavu aliacha kukoroga.

"Nani alikupa kazi ya kugawa?" nilimuuliza, na sikujali nani anasikia. "Kazi yako ni kupima. Ulitufundisha wewe. Sema kilichopo, wagawaji wagawe, na wakigawa vibaya tuwapigie kelele wao. Wewe umechukua njaa ya dada yangu ukaificha, halafu unaniambia umeificha kwa huruma. Mtoto yule tulimzika kwa sababu ya kava la ripoti yako, na mama yake akakushukuru."

Mama wa chai alimsogezea kikombe, naye hakukigusa.

"Alinishukuru," alisema, kwa sauti ndogo.

Akatoa simu. Aliiweka kwenye benchi katikati yetu ili nisikie, akampigia yule kijana wa Lodwar. Alijitambulisha kwa jina lake kamili, ambalo mimi sitaliandika.

"Ile namba ya mbuzi wa Kaaleng ni yangu," alisema, "na si ya kweli. Niliwahesabu mara mbili. Nilijua kabla mvua haijakosa mara ya kwanza, nikanyamaza."

Kijana akajibu, "Sawa, mzee. Nishushe hadi nusu?"

"Usishushe. Toa yote. Tumeni watu wakapime upya, na waulize kila mbuzi analala wapi. Mpaka hapo Kaaleng isipewe rangi ya kijani na mtu yeyote."

"Sawa. Nitumie kwa imeili leo, nitaibadilisha leo. Itasaidia msimu huu. Zile ripoti za nyuma zimeshafungwa, hizo hatuwezi."

"Sawa," Daktari alisema.

"Si sawa," nilisema, nikaichukua simu. Nilimwambia kijana mimi ndiye mwalimu aliyekuja na wanafunzi. Nilimwambia kama hawawezi kubadilisha ripoti ya mwaka ule, basi wabandike mstari mmoja chini yake, mtu yeyote atakayeifungua auone. Waandike kwamba mwaka ule Kaaleng kulikuwa na njaa, na watoto walikufa.

Hakubisha. Nilimsikia akibonyeza vitufe.

"Hiyo naweza, madam. Naandika hapa. Watoto wangapi?"

Nilimtazama Daktari. Mmoja nilimjua, jina lake, na uzito wake mikononi mwangu. Wa nyumba nyingine niliwasikia kwa kutajwa tu, huyu wa fulani, yule wa fulani, na hakuna gari lililorudishwa hadi huko kuwauliza mama zao.

"Hello? Madam? Niandike wangapi?"

Hatukuwa na namba ya kumpa.